HeroQuest kwa dadu za ludo

Sanduku langu la HeroQuest, mchezo wa ubaoni wa mwaka 1989, lilinifikia Jinja, Uganda, bila dadu za vita. Usihangaike kuagiza ng'ambo. Bandika plasta kwenye dadu sita za ludo, uchore mafuvu pande tatu, ngao nyeupe mbili, ngao nyeusi moja. Fuvu linapiga. Ngao nyeupe inamkinga shujaa, nyeusi inakinga zimwi. Bakiza dadu mbili za kawaida kwa kutembea.

Mkiwa watano ndiyo raha. Mmoja anakuwa mchawi mwovu, anaficha ramani na kuendesha mazimwi; wengine wanne ni mashujaa. Mgeni mpe shujaa aitwaye Mbabe: anashambulia kwa dadu tatu na ana uhai 8. Mganga ana uhai 4 na dadu moja. Tegemeo lake ni kadi 9 za uganga, kila moja mara moja tu kwa safari. Shemeji yangu alizimaliza zote chumba cha kwanza, akabaki anakula rolex (chapati ya mayai) na kutulaumu.

Kwenye zamu yako tembea, kisha tenda jambo moja, au anza na tendo. Simama mlangoni: zimwi halipigi kwa mshazari, kwa hiyo mazimwi yatakujia moja moja.

Kuhusu kupekua hazina, yaani kuchota kadi kwenye rundo la hazina, punguzeni tamaa. Kadi ya dhahabu ikitoka hairudi, lakini ya zimwi linalozurura hurudishwa kwenye rundo. Kadiri mnavyopekua, rundo linazidi kuwa chungu. Watoto wa dada yangu hawaniamini mpaka leo.