Somo: Kumtafutia mtoto mwenye mahitaji maalum michezo na kambi za kiangazi Marekani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Somo hili ni la familia zetu zilizoko Marekani, hasa zile zilizofika kutoka Kongo, Burundi na kambi za wakimbizi za Tanzania, Kenya na Uganda, zenye mtoto au ndugu mwenye usonji, mtindio wa ubongo, Down syndrome, upofu au ulemavu mwingine wowote. Wengi wetu tumeshapata shule na daktari. Shule zikifungwa, mtoto anashinda ndani na televisheni mpaka Agosti, na wenzake wako uwanjani. Nafasi zipo, tena nyingi. Tatizo ni kwamba hospitali na shule mara nyingi hazitwambii, na sisi hatujui pa kuuliza.

Hatua ya kwanza: anza na mji wako

Karibu kila mji una idara ya bustani na michezo, kwa jina lao Parks and Recreation. Kwenye simu yako andika jina la mji, kisha maneno "adaptive recreation", yaani michezo na burudani kwa wenye ulemavu. Usipopata kitu, jaribu "therapeutic recreation", maana miji mingine hutumia jina hilo. Jimbo la Illinois miji jirani huungana na kuendesha huduma hii pamoja, ndiyo maana huko utakuta Special Recreation Association badala ya ofisi ya mji. Mji wako ukiwa mdogo, tazama kaunti au mji wa pili. Wasio wakazi kwa kawaida hulipa zaidi kidogo.

Ukipiga simu sema tu, "Swahili interpreter, please," kisha subiri, usikate. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza ofisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na ofisi nyingi zina wakalimani wa simu. Tafadhali, msimtwishe binti wa miaka kumi kazi ya kueleza ugonjwa wa mdogo wake.

Piga mapema. Kambi za kiangazi huanza kuandikisha watu kukiwa bado kuna baridi, na nafasi za watoto wetu ni chache kwa sababu kila mmoja anahitaji msaidizi.

Hatua ya pili: jua kwamba milango ni miwili

Hapa naomba mkae na mimi kidogo.

Mlango wa kwanza ni programu maalum: kuogelea, dansi, boling au mapishi kwa watu wenye ulemavu peke yao. Mlango wa pili ni programu ya kawaida, ile ile ya watoto wa jirani, mtoto wako akiwa ndani na msaada. Wazazi wengi wanaonyeshwa mlango wa kwanza tu na wanashukuru. Lakini sheria ya ulemavu ya 1990, inayoitwa ADA, inaitaka manispaa ibadilishe taratibu zake kwa kiasi kinachowezekana ili mwenye ulemavu ashiriki na wengine. Hawaruhusiwi kumlazimisha abaki kwenye kundi maalum, wala kukutoza wewe gharama ya msaada huo. Msaada wenyewe unaweza kuwa msimamizi wa ziada, mkalimani wa lugha ya alama, au ruhusa ya kupumzika nje kelele zikizidi. Bwawa la umma nalo linatakiwa liwe na njia ya kumwingiza majini asiyetembea, mara nyingi kiti kinachoshushwa kwa mashine au mteremko.

Maoni yangu: mtoto mwoga aanze na kundi maalum, azoee jengo, harufu ya klorini, mwangwi wa filimbi ukumbini. Ila asikwame hapo miaka yote kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Na kama kuna jambo moja la kuanza nalo, liwe kuogelea. Watoto wenye usonji huvutwa sana na maji, na hatari ya kuzama kwao ni kubwa kuliko kwa watoto wengine.

Hatua ya tatu: fomu

Kuna sehemu inauliza mtoto anahitaji msaada gani. Msiache wazi kwa kuogopa atakataliwa. Andika vitu vya kufanyika: "Akiziba masikio, mtoe nje dakika chache." "Hukimbia mlango ukiwa wazi." Jina la ugonjwa peke yake halimsaidii kijana wa miaka kumi na tisa anayesimamia kundi.

Halafu andika maneno ya Kiswahili anayotumia mtoto, na maana yake. Mwanangu kadi yake imebandikwa ndani ya kifuniko cha kopo la chakula: maji, choo, inauma, naogopa, basi. Akisema "basi" amechoka na anataka kuacha. Msimamizi asipoelewa hilo, kinachofuata ni kilio, na kesho yake unapigiwa simu uje umchukue.

Hatua ya nne: fedha na usafiri

Uliza msamaha wa ada. Mara nyingi barua ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au ya msaada wa chakula inatosha kuthibitisha kipato. Kadi ya msaada wa chakula pia inakuingiza, wewe na familia, bure au kwa dola zisizozidi 3 kila mtu kwenye makumbusho yaliyo katika mpango wa Museums for All.

Kwa usafiri, penye mabasi ya umma lazima pawe na gari maalum kwa wasioweza kupanda basi la kawaida. Nauli haizidi mara mbili ya nauli ya basi, na msaidizi wa abiria huyo hupanda bure. Omba sasa, maana wana siku 21 za kuamua.

Nje ya manispaa

Special Olympics ilianza Chicago mwaka 1968. Ni michezo ya wenye ulemavu wa akili, na mchezaji halipi. Mashindano huanza miaka 8, na wadogo wa miaka 2 hadi 7 wana mafunzo yao. Miracle League ni besiboli kwenye uwanja uliotandikwa raba laini, vituo vimechorwa chini ili gurudumu lisikwame, na kila mtoto ana mwenzake wa kumsaidia. Kwa soka tafuta TOPSoccer.

Maswali ya wanachama

*Asante dada. Je, shule haihusiki kabisa?*

Inahusika, mama. Sheria ya elimu maalum inataja burudani miongoni mwa huduma zinazoweza kuandikwa kwenye IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto wako. Ulizia kwenye kikao. Na vilabu na michezo ya baada ya masomo, shule lazima impe nafasi sawa.

*Kambi moja imemkataa mwanangu kwa sababu bado anavaa nepi. Ni halali?*

Pole sana, kaka. Jibu halinyooki. ADA haiwalazimishi kutoa huduma za mwili, kama kubadilisha nepi, ikiwa hawampi mtoto yeyote huduma hiyo. Wakiwabadilisha wengine, wambadilishe na wako. Kama ni kambi ya mji, waombe waandike sababu, na umtafute mratibu wa ADA. Kila mji wenye wafanyakazi 50 au zaidi lazima uwe naye. Uliza kama msaidizi wake wa Medicaid anaweza kukaa naye. Ikiwa kambi ni ya kanisa, ADA haiwabani, hivyo hapo ni mazungumzo na mchungaji.

*Shikamoo mama. Mdogo wangu ana miaka 27, ana Down syndrome. Amechelewa?*

Marahaba mwanangu. Hajachelewa, Special Olympics haina mwisho wa umri, na miji mingi ina jioni za watu wazima. Kabla ya sarakasi au kupiga mbizi, daktari amwangalie shingo, kwa sababu baadhi ya wenye hali hiyo wana mifupa ya shingo iliyolegea.

*Mume wangu hataki watu wamwone mtoto. Nifanyeje?*

Usianze na mabishano, dada. Mwombe aje mara moja kutazama tu, bila kujiandikisha. Idara nyingi zinaruhusu. Chagua siku ya boling au ya mpira, akae pembeni na wababa wengine, na mtoto achezee mbele yake.