Jinsi ya Kupanga Ziara ya Pango Lenye Mwongozaji: Anza na Goti, Tiketi Baadaye

Nimewaingiza watu mapangoni kwa miaka mingi, na karibu kila ziara iliyoniharibikia iliharibikia nje, kabla ya mtu kuwasha tochi. Watu huchagua pango kwa picha, wakanunua tiketi, halafu ndipo wanaanza kuulizana nani ataweza kupanda. Mimi napanga kinyumenyume, na utaratibu wenyewe ni huu.

Hatua ya 1: Mjue mwenye mwendo mfupi kuliko wote

Pangoni hakuna benchi ambapo mtu atakaa aseme "nendeni, mtanikuta hapa." Kundi linaingia na mwongozaji na kutoka na mwongozaji. Mmoja akichoka katikati, wote husimama, au msaidizi amrudishe yeye peke yake kwa njia ileile mliyojia.

Niliwahi kupokea familia ya watu tisa. Bibi yao alikuwa na miaka sabini na kitu, mcheshi, na pale getini alikuwa anatembea vizuri tu, kwa hiyo sikumuuliza kitu. Tulishuka vidato mia mbili na ushei akiimba. Wakati wa kupanda, kwenye kidato cha arobaini hivi, akashika reli na kuniambia, "Mwanangu, hili goti la kushoto limegoma." Tulipanda kidato kimoja kimoja, pumziko, kidato kingine, karibu saa nzima, na kundi la nyuma yetu likisubiri chini kwenye baridi. Bibi alifika juu akicheka. Wajukuu zake sidhani kama wanakumbuka jiwe hata moja la pango lile. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika majina ya wote mnaokwenda, na mbele ya kila jina andika ukweli: goti, moyo, pumu, mimba, umri wa mtoto, hofu ya giza au ya sehemu finyu. Usiandike unavyotamani iwe. Ziara utakayochagua ni ile inayomfaa mtu wa mwisho kwenye karatasi hiyo. La sivyo, mgawanyike makundi mawili mapema, kwa amani, mkiwa bado nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua aina ya ziara, kisha pango

Jina "ziara ya pango" linabeba vitu visivyofanana kabisa. Kuna mapango unayotembea kwenye njia ya zege yenye taa na reli. Kuna ya mashua: Waitomo, New Zealand, watu huelea gizani wakitazama vijidudu vinavyong'aa darini kama nyota. Postojna, Slovenia, kuna treni ndogo inayokubeba kilomita kadhaa ndani ya mwamba. Reli hiyo ilianza mwaka 1872, na siku hizo mabehewa yalisukumwa na waongozaji wenyewe kwa mikono. Halafu kuna ziara za kutambaa, zenye kofia ngumu, ovaroli na viwiko vilivyochubuka.

Ziara za kutambaa zina masharti ya mwili, na masharti hayo hayamdharau mtu. Kwenye ziara ya namna hiyo katika Mammoth Cave, Marekani, wageni wamekuwa wakitakiwa kifua na nyonga visizidi inchi 42, yaani kama sentimita 107, kwa sababu kuna tundu ambalo mwenye kipimo kikubwa zaidi hapiti. Ukidanganya kipimo, mwamba utakusahihisha.

Kama hujawahi kuingia pangoni, anza na njia yenye taa, ya saa moja au pungufu. Wanaoanza na saa nne za kutambaa ili "wapate uzoefu kamili" ndio ninaowaona wakitoka na nyuso za watu waliofungwa jela.

Hatua ya 3: Piga simu uulize maswali sahihi

Tovuti nyingi zitakuambia urefu wa njia kwa mita. Hilo ndilo jambo lenye faida ndogo kuliko yote. Uliza haya:

- Vidato vingapi, na vya kupanda viko mwanzo au mwisho? Katika mapango mengi unashuka ukiwa na nguvu na kupanda ukiwa umechoka. Vidato 200 vya kushuka si sawa na 200 vya kupanda.
- Tunatokea mlango tulioingilia, au mwingine? Kama ni mwingine, kuna usafiri wa kuturudisha?
- Pale dari linaposhuka chini kabisa, kimo ni gani? Kuinama mita tano ni mchezo. Kuinama mita hamsini ni mgongo.
- Kundi ni la watu wangapi, na mwongozaji anazungumza lugha gani?
- Choo cha mwisho kabla ya kuingia kiko wapi? Ndani mara nyingi hakuna.

Wenye watoto wachanga waongeze la kwao. Kigari cha mtoto karibu kila mahali hakiruhusiwi, na kile kibebeo cha mgongoni chenye fremu mara nyingi hukataliwa pia, kwa sababu mzazi huinamisha kichwa chake akasahau kuwa cha mtoto kiko juu zaidi. Mbeleko ya kifuani ni salama kuliko yote.

Anayejibu simu asipojua idadi ya vidato, mwambie akuunganishe na mwongozaji yeyote. Sisi tunavijua kwa magoti.

Hatua ya 4: Msimu na saa

Hewa ya ndani ya pango hufuata wastani wa joto la mwaka mzima la eneo hilo, kwa hiyo haibadiliki sana hata nje kukiwa na jua kali. Postojna ni nyuzi 10 hivi za Selsiasi, Mammoth Cave na Carlsbad, yote mawili ya Marekani, ni 12 au 13. Kwenye maeneo ya joto, ndani panaweza kuwa pa joto na unyevu wa kukulowesha shati bila kutembea. Usikisie. Uliza nyuzi.

Mvua ndiyo ya kuheshimu. Mapango mengi ya mawe ya chokaa yamechimbwa na maji, na maji hayajasahau njia. Tarehe 23 Juni 2018 vijana 12 na kocha wao waliingia Tham Luang, Thailand, wakafungiwa na mafuriko. Wote 13 walitolewa kufikia tarehe 10 Julai, lakini mpiga mbizi mmoja alikufa katika kazi ya kuwaokoa. Wao hawakuwa kwenye ziara ya mwongozaji, ila maji ni yaleyale: ukiwa ndani huioni mvua inayonyesha juu ya kichwa chako. Basi mwongozaji akifuta ziara kwa sababu ya wingu ambalo wewe unaliona dogo, rudisha tiketi yako, usibishane. Na kabla ya kulipa, soma masharti ya kurudishiwa pesa ziara inapofutwa.

Saa nzuri ni ziara ya kwanza asubuhi, siku ya kazi. Sakafu haijakanyagwa tope na mwongozaji bado ana sauti.

Hatua ya 5: Weka nafasi mapema

Wageni hunung'unika kwamba makundi ni madogo na nafasi huisha. Pumzi ndiyo sababu. Pango la Lascaux, Ufaransa, lenye michoro ya kale, lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1948. Miaka michache tu baadaye walikuwa wanaingia watu wapatao 1,200 kwa siku, na hewa waliyotoa, jasho na joto lao vikaanza kuharibu michoro iliyodumu maelfu ya miaka. Mwaka 1963 likafungwa. Leo wageni wanaoneshwa nakala.

Fika nusu saa kabla. Kundi likishaingia halirudi kumchukua mtu aliyekuwa anatafuta maegesho.

Hatua ya 6: Vaa kwa ajili ya miguu

Jiwe la chokaa lililolowa, likapakwa tope laini, linateleza kama sabuni. Raba zenye soli ya meno, zilizofungwa kamba, zinatosha kwa ziara nyingi. Kandambili, hapana. Viatu vya ngozi vyenye soli laini ndivyo vilivyoniangushia wageni wengi zaidi, na wenye navyo ndio wanaojiamini zaidi.

Sweta au jaketi jepesi, hata kama nje unatokwa jasho. Mkoba mkubwa uache. Ukigeuka, mkoba wa mgongoni hugeuka nusu sekunde baada yako na kuvunja kitu kilichochukua karne nyingi kuota. Tochi ya kichwani beba hata kama pango lina taa, maana taa huzimika, na tochi ya simu inakula mkono mmoja ambao ungeshika reli. Simu yenyewe haitakuwa na mtandao, kwa hiyo mwambie mtu aliye nje mnatoka saa ngapi na mtakutana wapi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: usivae nguo wala viatu ulivyovaa kwenye pango jingine. Mwaka 2006 ugonjwa wa pua nyeupe ulionekana kwa mara ya kwanza kwa popo wa jimbo la New York. Unasababishwa na kuvu wa mapangoni, na umeua mamilioni ya popo Amerika Kaskazini. Vijimbegu vya kuvu huyo husafiri kwenye tope la kiatu. Ukiulizwa mlangoni kama umewahi kuingia pango lingine, jibu kweli.

Hatua ya 7: Popo na kifua chako

Popo wengi hawana shida na wewe. Lakini uliza kama kuna kundi kubwa linalolala kwenye njia ya ziara, hasa popo wala matunda katika Afrika. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa virusi vya Marburg baada ya kuingia Python Cave, Uganda, penye maelfu ya popo wa aina hiyo. Ziara nzuri huwatazama popo hao kwa mbali. Ukiambiwa mtapita chini yao juu ya kinyesi chao, chagua pango lingine. Kinyesi kikavu nacho hubeba kuvu anayeshambulia mapafu, kwa hiyo mwenye kifua dhaifu amwone daktari kwanza. Popo hata akianguka miguuni pako, usimshike. Usiguse uso kabla ya kunawa mikono.

Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni. Ikibaki garini ni sawa na kutokuwa nayo.

Hatua ya 8: Mwambie mwongozaji unachoogopa

Hofu ya sehemu finyu haina aibu. Niambie kabla ya kuingia, nikiwa peke yangu, nami nitakuweka wa pili, nyuma yangu. Watu hudhani nyuma kabisa ndiko salama. Kumbe kinachobana kifua ni foleni ya migongo iliyosimama mbele yako bila kujua kwa nini imesimama. Ukinifuata mimi unaona nafasi, unaona taa inayofuata, na unaisikia sauti yangu.

Watoto waandae kwa ile dakika ya taa kuzimwa. Waongozaji wengi huzima zote ili muone giza lenyewe. Mwambie mtoto tangu nyumbani, afumbe macho mkiwa mmeshikana mikono, mhesabu hadi ishirini. Halafu akiwa pangoni mpe kazi: apunge mkono mbele ya uso. Wengi huapa wanauona ukisogea. Hakuna mwanga hata chembe. Ubongo unajua mkono uko wapi, basi unakuchorea. Mtoto aliyekuwa analia huanza kucheka na kubishana na kaka yake nani anaona zaidi.

Hatua ya 9: Ukiwa ndani

Usiguse. Stalaktiti, yale mawe yanayoning'inia darini, hutengenezwa na tone la maji linaloacha chembe ya chokaa, na nyingi hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Mafuta ya kidole chako hulifanya tone liteleze bila kuacha kitu, na jiwe huwa jeusi pale lilipozoea kushikwa. Ukitamani sana kugusa, uliza. Wengi wetu tuna kipande kilichovunjika zamani kwa ajili hiyo.

Picha: kwanza uliza kama zinaruhusiwa, penye michoro au wadudu wang'aao mara nyingi hapana. Zikiruhusiwa, zima flashi. Flashi inamulika mvuke wa pumzi yako mwenyewe na kukupa ukungu mweupe. Mpe mwenzako tochi asimame pembeni, amulike jiwe kwa ubavu, wewe zuia pumzi, piga. Vivuli ndivyo vinavyoonesha umbo.

Na utazame zile taa za kudumu. Ukiona ukijani kando ya taa, hizo ni mwani na kuvumwani vilivyoota kwa sababu tu binadamu ameleta mwanga mahali ambapo haukuwahi kuwepo. Huwa nasimama hapo kuliko penye jiwe lenye umbo la tembo. Kila pango lina jiwe lenye umbo la tembo.

Hatua ya 10: Ukitoka

Simama mlangoni dakika moja macho yazoee; wengi huteleza kwenye kidato cha mwisho, kwa jua. Nawa mikono. Kwangua tope kwenye soli hapohapo, usilipeleke kwenu. Kisha kagua mifuko ya watoto. Mvulana mmoja wa miaka sita alinirudishia kipande cha jiwe kilichokuwa na joto la kiganja chake, akanong'ona, "Anko, lilikuwa limeanguka lenyewe." Nililirudisha ndani kwenye ziara iliyofuata.