Kiangazi kikinyesha: mvuvi wa ndoana ajipange vipi kabla ya safari

Kusini mwa Uganda tuna vipindi viwili vya ukavu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Kaskazini, pamoja na eneo la maporomoko ya Murchison, kiangazi cha kweli ni kimoja tu, kile cha mwisho na mwanzo wa mwaka. Mvuvi wa ndoana hupanga likizo, pesa na ruhusa ya nyumbani kwa kufuata miezi hiyo, kwa sababu ndipo Nile hupungua na kutakata, mawe hujitokeza, na sangara hujulikana anakolala. Lakini ipo miaka ambayo kiangazi hugoma kuja. Mvua za vuli za mwisho wa 2019 ziliendelea kudondoka hadi ndani ya 2020, na Januari ile haikufanana kabisa na Januari tuliyoizoea.

Mwaka wa namna hiyo ukibisha hodi, wengi hukimbilia dukani kutafuta koti la mvua. Koti ni jambo la mwisho. La kwanza ni kuamua unakwenda kwenye maji gani, kwa maana mvua ile ile inayoharibu mto mmoja huuacha mwingine ukivulika bila shida.

Anza na hili: mvua kukatika si maji kupungua. Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutoka kwa mvua inayoanguka moja kwa moja juu yake, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, pale Jinja. Kwa hiyo hujaa taratibu na kupungua taratibu zaidi. Mvua za 2019 zilizaa kimo cha maji cha mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja mnamo Mei 2020, kikavuka kile cha 1964 kilichokuwa mita 13.41. Miezi ilikuwa imeshapita tangu mawingu yaanze kumwaga, na bado ufukwe ulikuwa unamezwa. Usipige simu mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, kuuliza kama mvua imenyesha jana. Uliza maji yamefika wapi, mahali pa kuegesha boti papo au pamezama, na wavuvi wa pale wanatokea upande gani siku hizi.

Mito midogo ndiyo huharibika kwanza. Manafwa inayoteremka Mlima Elgon, Sezibwa, Katonga: mvua kubwa ya usiku mmoja huifanya mito hii kuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hapo mshipi wako unalowa bure. Nile ya Jinja ni habari nyingine. Maji yake yanatoka ziwani, ambako tope limeshapata muda wa kutuama, kwa hiyo hubaki na mwanga hata wakati mito mingine imekuwa uji. Ukinitaka nitaje sehemu moja ya kwenda kiangazi kikiharibika, nitasema hapo. Ila kuna sharti. Kati ya Jinja na Kayunga mto huu unaongozwa na mabwawa ya umeme, Nalubaale na Kiira, kisha Bujagali, kisha Isimba. Ziwa likijaa, maji hufunguliwa kwa wingi, na mto unaweza kupanda chini ya mbingu safi isiyo na hata wingu. Jiwe ulilolifikia kwa kuvuka maji ya magotini saa tatu asubuhi linaweza kuwa kisiwa saa tano. Kanuni yangu ni kutovulia kwenye jiwe ambalo kurudi ufukweni kutoka hapo kunahitaji kuvuka maji, hata yakiwa ya kwenye kifundo.

Kyoga ningeiacha kabisa. Ni ziwa lenye kina kifupi, limezungukwa na mafunjo, na maji yakipanda vipande vya mafunjo hung'oka na kutembea kama visiwa. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilichotoka Ziwa Victoria kiliziba mitambo ya umeme Jinja na kuitia nchi nzima gizani. Kama kinaweza kuzima taa za nchi, fikiria kitakachofanya kikikuzibia njia ya kurudi ukiwa na mtumbwi na lita tano za petroli.

Murchison ndiko roho za wengi ziliko, na ninaelewa. Pale Nile nzima hujibana kwenye ufa wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita 40, na sangara wa chini ya maporomoko ni wa asili, hawakuletwa na mtu kama wale wa Ziwa Victoria. Mto ukijaa kupita kiasi, zile kingo za mawe ambapo watu husimama huzama. Kibali cha kuvua unakipata kwa Mamlaka ya Wanyamapori, basi kabla ya kulipa muulize askari wa hifadhi swali moja: wavuvi wanasimama wapi wiki hii? Akisitasita, subiri.

Samaki nao huhama. Sato hufuata maji yaliyoingia kwenye nyasi, kwani humo mna chakula na kina kifupi cha kuzalia. Hivyo siku za mafuriko huna haja ya kwenda mbali: boya jepesi, risasi ndogo ya kuzamisha mshipi, mnyoo, na unatupa ukingoni mwa nyasi zilizozama. Na mvua huleta zawadi yake, kumbikumbi. Wakitoka jioni wakaangukia majini, sato hupanda juu kuwaokota, na kumbikumbi mmoja kwenye ndoana ndogo hushinda chambo chochote cha dukani. (Wengine wote kijijini watakuwa wanawakusanya ili wawakaange, kwa hiyo wahi.) Sangara anayewindwa kwenye maji ya tope hukosa kuona mbali, naye hutegemea mtikisiko. Chambo bandia kinachotetemeka, kikivutwa polepole, kitafaa kuliko kile kidogo kinachometameta. Ongeza unene wa mshipi, maana gugumaji likisukumwa na mkondo hukata mishipi myembamba.

Ukikuta sangara wanaelea wamekufa, usiwaokote hata kama macho yao bado yanang'aa. Upepo na mvua kali vinaweza kukoroga ziwa na kupandisha maji ya chini yasiyo na oksijeni, na sangara ni wa kwanza kuzidiwa. Mwanzoni mwa 2021 walikufa kwa wingi upande wetu, na wataalamu wa serikali walisema chanzo ni upungufu wa oksijeni. Tatizo ni kwamba samaki aliyekufa mwenyewe hujui amekufa saa ngapi. Siku kama hiyo wala usihangaike kutupa ndoana hapo.

Sasa radi, na hapa nitakaa kidogo. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazopigwa sana na radi. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule moja ya Kiryandongo, wakiwa ndani ya darasa. Mvuvi yuko wazi kuliko wao: ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye maji tambarare, na mkononi ameshika fimbo ndefu, ambayo siku hizi mara nyingi ni ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, laza fimbo chini na uwe tayari unaelekea nchi kavu, kisha usirudi majini mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha mabati kisicho na kuta si kinga, na mwembe ulio peke yake ni mtego. Gari lililofungwa madirisha ni kinga nzuri.

Saa za dhoruba nazo zina mpangilio wake. Mchana joto hukusanya mawingu juu ya nchi kavu, mvua ikashuka alasiri. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya Ziwa Victoria na kuinua mawingu huko, halafu upepo wa mashariki huyasukuma kuja kwetu. Ndiyo maana Entebbe na visiwa vya Ssese hupigwa sana alfajiri na asubuhi. Anayetoka saa kumi usiku ili awahi samaki anakwenda kukutana nayo uso kwa uso. Katika kiangazi cha mvua, acha kukuche, tazama upande wa mashariki, ndipo utoke. Sikiliza utabiri wa hali ya hewa usiku uliotangulia, lakini nahodha mzee wa mwalo akikataa kutoka, huyo ndiye utabiri.

Jaketi la kuokolea huvaliwa kabla ya kupanda boti, na mikanda yake hufungwa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufukwe wa Mukono hali ya hewa ikiwa mbaya, na zaidi ya watu 30 walikufa, wengi bila jaketi, nchi kavu ikionekana. Ongeza kopo la kukumbia maji na filimbi, na simu iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Nguo ni rahisi: koti, gambuti kwa ajili ya ufukweni tu (usizivae botini, zikijaa maji zinakuvuta chini), na fulana kavu iliyofungwa vizuri.

Maji yaliyovamia ufukwe yamepita vyooni na malishoni. Usiyanywe bila kuchemsha, na usisimame humo bila viatu, kwa sababu konokono wa kichocho hupenda hizo nyasi zilizozama. Mamba na viboko nao husogea karibu na makazi maji yanapopanda, kwa hiyo ile sehemu nzuri ya sato niliyoisifu ivuliwe ukiwa umesimama juu, hatua kadhaa kutoka maji yalipo. Ukishaloa kwenye maji hayo, nenda kituo cha afya baada ya wiki kadhaa ukapimwe. Dawa ipo na si ghali.

Barabara ihesabiwe kama sehemu ya uvuvi. Mei 2023 mafuriko yalikata daraja la Katonga kwenye barabara kuu ya Kampala na Masaka, na waliokuwa wanaelekea Bukakata kuvuka kwenda Ssese walilazimika kuzunguka mbali. Beba chakula cha siku moja zaidi na pesa taslimu, na mwachie mtu wa nyumbani jina la mwalo na saa unayotarajia kurudi.

Mwisho, samaki mwenyewe. Mvua haibadilishi sheria: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 28 hurudishwa majini. Kuanika juani sahau. Kama mwalo hauna barafu, nunua mjini kabla hujaondoka, au chukua chumvi ya kutosha na uongee mapema na mama mmoja mwenye tanuri la kukaushia samaki kwa moshi, kwa sababu siku za mvua kuni kavu anazo yeye peke yake.