Jinsi ya kuomba kesi yako ya Mwanza isikilizwe kwa video ukiwa mbali

Mtu wa Ukerewe mwenye kesi Mwanza mjini anajua adha yake. Unapanda meli Nansio, unalala kwa ndugu Kirumba, asubuhi unafika mahakamani mapema, kisha unaambiwa hakimu amesafiri na shauri limeahirishwa. Nauli imekwenda na kazi imelala. Korona ilipoingia nchini Machi 2020, mahakama zetu hazikufungwa, ila msongamano ulipigwa vita. Watu walinawa mlangoni, walikaa mbalimbali, wasio na shughuli waliambiwa wasije, na kuna mahabusu ambao kesi zao zilitajwa kwa video wakiwa gerezani. Ugonjwa ulipopungua, video ilibaki. Mwaka 2021 zikatoka kanuni za kuendesha mashauri kwa mtandao, Tangazo la Serikali Na. 637, na kupitia hizo unaweza kuomba.

Shika hili kabla ya mengine yote: kuomba si kukubaliwa. Anayeamua ni hakimu au jaji, na mpaka akuambie ndiyo, wewe bado unatakiwa ufike mwenyewe.

Anza na samansi yako, yaani hati ya kukuita mahakamani. Soma jina la mahakama, namba ya shauri, tarehe, na shauri limeitwa kwa ajili gani. Kutajwa ni jambo fupi, mara nyingi ni kupanga tarehe au kuuliza kama majibu yameshaletwa, kwa hiyo ombi la video hapo lina uzito. Kusikilizwa ni jambo jingine. Kama utatoa vielelezo halisi, tuseme mkataba wa kiwanja au leseni ya mtumbwi, nakushauri uende kwa miguu yako, kwa sababu karatasi hiyo lazima ishikwe, ikaguliwe na upande wa pili, ndipo ipokelewe. Angalia pia ni jengo gani. Tangu Oktoba 2021 Mwanza ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, jengo linaloweka mahakama za ngazi mbalimbali pamoja, na wapo wanaopeleka barua jengo lisilohusika.

Kisha andika barua, kwa Kiswahili tu. Kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi iende kwa Hakimu Mfawidhi. Mahakama Kuu iende kwa Naibu Msajili. Isizidi ukurasa mmoja. Mfano:

“Yah: Ombi la kuhudhuria kwa njia ya video, Shauri la Madai Na. … la mwaka …

Mimi ni mdaiwa katika shauri tajwa hapo juu, lililopangwa kutajwa tarehe … Ninaishi Ukara, Wilaya ya Ukerewe, na ninamuuguza mama mzazi ambaye hana mtu mwingine wa kumhudumia. Naomba mahakama yako iniruhusu nihudhurie kwa njia ya video. Nina simu yenye intaneti, namba … Kama itaipendeza mahakama, niko tayari pia kuhudhuria nikiwa katika mahakama iliyo karibu nami. Nakala ya barua hii nimempa mdai.”

Sababu iwe ya kweli na iwe na ushahidi: cheti cha hospitali, barua ya mtendaji wa kijiji, au barua ya mwajiri. “Niko mbali” peke yake ni sababu dhaifu. Na usiruke ile sentensi ya mahakama ya karibu, maana hakimu huhofia mambo mawili: mtandao kukatika na mtu kuelekezwa majibu pembeni ya kamera. Ukijibu kwenye chumba cha mahakama, hofu zote mbili zinapungua.

Barua ifike mapema kadiri unavyoweza, si jioni ya kuamkia shauri. Ukiwa na wakili, yeye ndiye aipeleke. Kama huna, mtume mtu unayemwamini masijala, yaani ofisi ya mahakama inayopokea nyaraka, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala nyingine apewe mpinzani wako. Ukiambiwa kuna malipo, omba kontrol namba ulipie benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi.

Baada ya hapo fuatilia kwa karani wa hakimu husika. Muulize kwa adabu: “Shikamoo mzee, ombi langu limeamuliwaje?” Ukikubaliwa, omba kiungo cha kuingilia na saa kamili, kisha jaribu siku moja kabla.

Siku yenyewe kaa ndani, mbali na mwalo, kwani injini za mitumbwi na upepo wa ziwa humeza sauti. Simu ijae chaji na bando liwepo. Badilisha jina linaloonekana kwenye skrini: likisomeka aina ya simu, karani hatajua wewe ni nani na unaweza kuachwa nje wakati shauri lako linaitwa. Andika jina lako kamili na namba ya shauri. Vaa kama unayekwenda mahakamani, kitambulisho kiwe mkononi, zima sauti mpaka uitwe. Usirekodi, na usimruhusu mtu akae pembeni kukunong’oneza.

Ukikataliwa, au ukikosa jibu, panda meli. Mdai asipofika shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa asipofika linaweza kusikilizwa upande mmoja. Kwa mshtakiwa aliye nje kwa dhamana ni hatari zaidi, kwani inaweza kutolewa hati ya kumkamata, na wadhamini wake wakaitwa kujieleza.

Na mtandao ukikatika katikati, mpigie karani papo hapo, usingoje kesho. Siku hiyohiyo andika barua ya kueleza kilichotokea na saa kilipotokea, nayo igongwe muhuri.