Kukaribia njia panda ya reli: taa baada ya taa

Mwanafunzi wangu wa udereva wa treni anafunga breki vizuri kila mahali, ila kwenye njia panda, pale reli inapogawanyika matawi, mkono wake unatangulia macho. Nimemwandikia haya kwa mfumo wa taa wa Uingereza, ndio niliofundishwa.

1. Ijue njia kwa kichwa. Kila tawi na mwendo wake. Hujui? Usiondoke.

2. Njano mbili, kisha njano moja. Mbili, anza kupunguza. Moja, jiandae kusimama kwenye taa inayofuata. Honi ya tahadhari ikilia chumbani mwa dereva, unabonyeza kitufe kuonyesha umeisikia, na kisahani kilicho mbele yako kinaonyesha miali ya njano na nyeusi kama ua la alizeti. Kubonyeza kitufe si kufunga breki.

3. Taa ya njia panda yenyewe. Hapa ndipo penye kazi. Tawi likiwa la mwendo mdogo, taa mara nyingi hushikiliwa nyekundu makusudi mpaka treni ikaribie, ndipo inafunguka. Ikifunguka hivyo kila siku, mkono unazoea kulegeza breki mapema. Juzi mwanafunzi wangu alilegeza, na taa ikakawia. Tulisimama tukiwa tumebakiza urefu wa behewa moja. Funga breki kama vile haitafunguka kabisa. Legeza ukishaiona rangi mpya.

Penginepo utakuta njano mbili zinazowaka na kuzima, kisha njano moja inayowaka na kuzima. Maana yake njia ya tawi imeshawekwa kwenye taa ya njia panda. Haisemi lolote kuhusu taa iliyo mbele ya hapo, ambayo inaweza kuwa nyekundu. Huko Colwich, Uingereza, tarehe 19 Septemba 1986, dereva mmoja alidhani amefunguliwa njia kuvuka makutano yote. Treni mbili ziligongana na dereva wa treni ya pili akafariki.

Mimi nasisitiza mtindo wa Wajapani: nyoosha kidole, itaje taa kwa sauti. “Njano moja!” Mdomo ukitaja, macho hayana budi kutazama.

4. Mstari wa taa tano nyeupe. Unaonyesha upande unaopelekwa. Ukiona si wako, simama kabla ya taa, mpigie simu mwongoza treni, yule anayeziendesha taa. Usipite kwanza ndipo uulize.

5. Kumbuka mkia. Usiongeze mwendo mpaka behewa la mwisho litoke kwenye swichi, yaani vyuma vinavyohamisha treni kwenda tawi jingine.