Sufuria zisisagane njiani
Mkienda kupiga kambi Serengeti, ile barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro itazichakaza sufuria kuliko moto. Alumini ikisuguana na alumini hutoa unga mweusi unaochafua mpaka vijiko. Ndogo ziingie ndani ya kubwa, na kila moja uitenganishe na kipande cha khanga kuukuu. Kikaango kisichogandisha kipe taulo nene, maana kikishakwaruzika basi tena. Mifuniko isimamishe ubavuni mwa sanduku, na mianya izibe kwa pakiti za mchele (si mtaula tu?). Sanduku likae sakafuni, lifungwe mkanda, kamwe lisiwekwe juu ya mabegi. Mtungi wa gesi usimame wima, valvu ifungwe, mpira uchomolewe kabla ya kuwasha gari.