Somo: Kuwaanzisha walimu wenzako programu huria

Kwa kuwa nimechoka kuulizwa ofisini kila muhula namna ya kuwaanzisha walimu wenzako programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzibadilisha), naliandika jibu hapa, nikitumia LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka na majedwali, ambayo haina ada ya leseni.

1. Ipakue mara moja kutoka libreoffice.org, uihifadhi kwenye flashi.

2. Isakinishe bila kuondoa programu iliyozoeleka; zote mbili hukaa pamoja.

3. Anza na andalio la somo la kesho, kwani hotuba kuhusu uhuru wa programu humchosha mwalimu mwenye vipindi sita.

4. Tungeni mtihani kwa faili moja linalopita mkono kwa mkono, kila mmoja akiwasha kwanza rekodi ya mabadiliko kwa Ctrl+Shift+C, ili ionekane nani amefuta nini. Hapa ndipo nilipoharibu. Tulipomaliza kuhariri jaribio la Kidato cha Pili, nililichapa bila kuyakubali mabadiliko, na kwa kuwa yale yanayoonekana kwenye skrini huchapwa pia, swali la 4 likatoka na maneno tuliyoyafuta, yamepigwa mstari tu, na ndani yake jibu likisomeka vizuri kabisa. Kabla ya kuchapa, fungua Edit, kisha Track Changes, kisha Accept All. Kuyaficha mabadiliko hakutoshi, kwa maana bado yamo ndani ya faili.

5. Peleka steshenari PDF, ili mpangilio usivurugike.

MASWALI

Mwanachama, Tabora: Inapatikana wapi na ni shilingi ngapi?
Jibu: Hatua ya 1, na sentensi iliyo juu yake.

Mwanachama, Mbeya: Nilifuata maelezo yako, mistari ikarudi. Somo lina kasoro.
Jibu: Somo halina kasoro. Ulikubali mabadiliko ukaendelea kuhariri, na rekodi bado imewaka. Izime kwa vitufe vilevile.

Mwanachama, Tanga: Nafundisha Kiswahili, sijui kuandika programu. Naweza kuchangia nini?
Jibu: Mengi, mwalimu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice (programu iliyoitangulia LibreOffice) kwa Kiswahili, na kazi ile ilikuwa ya maneno hasa. Leo tafsiri za LibreOffice hufanyiwa kwenye Weblate, mfumo wa mtandaoni wa kutafsiri programu. Unajiandikisha, unachagua lugha, unapendekeza.

Mwanachama, Tanga: Track Changes ungeiitaje?
Jibu: Fuatilia Mabadiliko. Ila menyu ni nyembamba. Ukipata neno fupi zaidi, lipendekeze.